Cheti Kimoja, Nyambura Wawili

Jumatatu, 2 Februari

Buruburu tena. Nachora ukuta wa chekechea, siku ya tatu. Twiga amekwisha, nimeanza mamba. Mkurugenzi wa shule anataka mamba anayetabasamu. Sijawahi kumwona wa aina hiyo, lakini mwenye ukuta ndiye anayesema. Herufi za juu zimekaa sawa. Ile S tu imelala kidogo, nitairudia kesho.

Jioni binti yangu amerudi na barua kutoka kwa Mwalimu Rhoda, mwenye shule yao. Nifike kesho asubuhi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mke wangu Wairimu ameisoma mara mbili, akaniangalia, akaendelea kukata mboga za sukuma.

Jumanne, 3 Februari

Shule ya Mwalimu Rhoda iko nyuma ya Majengo. Mabati, vyumba vinne, bango nililochora mwenyewe. Miaka yote watoto wa pale wamekuwa kama hawapo machoni pa serikali. Mwaka huu amri imetoka: kila mtoto wa Gredi ya Sita aingizwe kwenye mtambo wa kompyuta wa serikali kwa nambari ya cheti chake. Asiyeingizwa hafanyi mtihani. Asiyefanya mtihani hana pa kwenda Gredi ya Saba. Mwisho ni Ijumaa tarehe 27.

Mwalimu ameandika nambari ya cheti mbele yangu. Mtambo umekataa. Akaandika tena pole pole. Umekataa.

"Baba Nyambura, inasema huyu mtoto yuko shule nyingine. Ya serikali, hapo Kaloleni. Gredi ya Sita pia. Jina ni hilo hilo."

Nikamwambia labda mtambo umekosea. Akasema labda, na akaniangalia vile walimu huangalia mtoto aliyekula chaki.

Nimedanganya. Najua huyo Nyambura mwingine yuko wapi. Analala chumba kimoja na wangu.

Jumatano, 4 Februari

Mvua. Rangi haishiki. Nimerudi mapema, niandike yote, labda nitajielewa.

Mama yangu aliitwa Nyambura. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Ndugu yangu Njoroge alitangulia kupata msichana. Nyambura. Miaka miwili baadaye nikapata wangu. Nyambura. Hakuna aliyeona tatizo, jina la mama ni la wote. Tukawaita Mkubwa na Mdogo, mambo yakaisha.

Kisha Njoroge akafa. Mkubwa alikuwa na miaka mitano. Mama yake ni Mwende, Mkamba, na jamaa zetu hawakuwahi kumkubali. Siku ya mazishi maneno yakawa mengi. Mimi ndiye niliyemwambia aende zake na mtoto abaki. Nimeandika. Ni mimi. Niliapa mbele ya kaburi kwamba Mkubwa hatakosa kitu.

Akakosa shule. Miaka miwili anafukuzwa kila mahali, cheti kiko wapi, cheti kiko wapi. Cheti chake hatukuwa nacho. Anakaa nyumbani anacheza na makopo yangu ya rangi. Mdogo akafika umri wa Gredi ya Kwanza, na Mkubwa bado hajaanza. Watoto wawili, cheti kimoja.

Nikakibeba kile cha Mdogo, nikampeleka Mkubwa shule ya serikali. Nyambura Kamau. Alikuwa na miaka minane, cheti kikasema sita. Mwalimu akasema ni mrefu kwa umri wake. Nikasema amemfuata babu. Mdogo, mwenye cheti, nikampeleka kwa Mwalimu Rhoda ambako hakuna aliyeuliza.

Niliwaambia watu ni kwa sababu ya kiapo. Ukweli niuandike hapa: niliogopa wangesema Kamau amempeleka wake shule nzuri na yatima akamtupa kwenye mabati. Niliogopa maneno. Mdogo amelipia woga wangu miaka mitano, na hajui.

Au nilifanya vizuri? Mkubwa anasoma. Ni wa tatu darasani. Sijui.

Ijumaa, 6 Februari

Nimepata njia. Nimechora herufi miaka ishirini, nambari moja itanishinda? Nimetoa nakala ya cheti, nikachukua kalamu nyembamba, nikaigeuza 3 ikawa 8. Kazi safi. Nimeitazama kwa kioo cha kukuza, hata mimi siwezi kuona nilipoanzia. Nikatoa nakala ya nakala. Bora zaidi.

Wairimu ameuliza ninafanya nini. Nikamwambia hesabu za rangi.

Jumanne nampelekea Mwalimu. Nimelala mchana kama mtu aliyeshiba.

Jumanne, 10 Februari

Aibu.

Mwalimu Rhoda ameingiza nambari yangu nzuri. Mtambo haukukataa. Umemletea mtoto. Mvulana, wa shule ya mbali huko Magharibi, jina refu, baba yake mwingine kabisa. Kwa dakika moja binti yangu alikuwa mvulana wa Bungoma.

Mwalimu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amerudisha ile karatasi kwa vidole viwili.

"Baba Nyambura, mimi nina watoto thelathini wa kuingiza. Wewe unaniletea uchoraji."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Nikatoka nje nikasimama chini ya bango langu mwenyewe, na nikaona R ya Rhoda imepinda. Imepinda miaka yote hiyo.

Jumatano, 11 Februari

Buruburu. Mamba amekamilika na anatabasamu. Nilikuwa nachora mlango wa ofisi na karani alikuwa ndani, anaingiza watoto wapya kwenye mtambo. Watoto wa miaka minne. Kila mmoja ana faili. Cheti, kadi ya kliniki, picha nne, vitambulisho vya wazazi wote wawili, vyote vimepakwa plastiki. Anaandika, mtambo unakubali. Anaandika, unakubali. Nilihesabu mpaka kumi na mmoja nikaacha.

Mtoto mmoja alikuja kuniuliza mamba anakula nini. Nikamwambia herufi. Akaondoka ameridhika.

Sina hasira na mtoto. Nina hasira na ile faili. Halafu nikajiuliza, ningekuwa na faili kama ile ningeiba cheti cha binti yangu? Swali la kijinga. Nimemwaga nusu kopo la bluu.

Alhamisi, 12 Februari

Mdogo ameniuliza waziwazi.

"Baba, ati mimi tayari niko shule ingine? Wenzangu wananiita ghost, ati mzimu."

Nikamwambia ni mambo ya mitambo. Mkubwa alikuwa pale, anapiga pasi sketi yake ya shule. Hakuinua kichwa. Alipiga pasi sehemu moja mpaka nikasikia harufu ya kitambaa.

Anajua. Au nadhani anajua. Kila mtu nyumba hii anajua kitu na hakuna anayesema.

Jumamosi, 14 Februari

Leo nimemwambia Wairimu kila kitu, mpaka ile 3 niliyoigeuza 8. Alikuwa anajua mengi kuliko nilivyodhani. Nilimwambia dawa ni moja tu, Mkubwa apate cheti chake, na hilo haliwezekani bila mama yake, na mama yake dunia ilimmeza.

"Mwende yuko Majengo," akasema. "Anapika chapati karibu na msikiti. Ameishi hapo miaka yote."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema huenda kumwona. Humpelekea picha za Mkubwa, na ripoti za shule kila mwisho wa muhula. Mwende huzisoma kisha huzirudisha, kwa sababu mimi huzitunza kwenye kabati na ningejua zimepotea.

Dakika ishirini kwa miguu. Miaka minane.

Nilipandwa na hasira nikaondoka. Nimezunguka ukumbi wa hapa kwetu Kaloleni mara mbili. Mara ya tatu hasira ilikuwa imeisha na nikabaki na kitu kibaya zaidi. Nimerudi nikala chakula kimepoa.

Jumapili, 15 Februari

Nimekwenda baada ya kanisa, na tai yangu bado shingoni kama mtu anayeenda kuposa.

Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa anasukuma unga. Alinitambua pia, akamaliza ile chapati, akaigeuza, akaitoa, ndipo akafuta mikono.

"Shemeji," akasema. Hakuniita jina lingine lolote. Baada ya yale niliyomfanyia bado mimi ni shemeji.

Sikujua nianzie wapi. Nilianza na mtambo. Nikaongea vibaya, nikaruka, nikarudi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake bahasha. Cheti cha kuzaliwa. Cha asili, chenye mhuri. Nyambura Njoroge. Alikichukua mtoto akiwa na miezi minne, kabla ya mambo yote. Siku niliyomfukuza kilikuwa kwenye mkoba wake.

"Ulisema niende. Hukuuliza nimebeba nini."

Hivyo tu. Aliniwekea chai.

Basi cheti kilikuwepo. Miaka miwili Mkubwa anacheza na makopo, kilikuwepo. Mdogo kwenye mabati, kilikuwepo. Dakika ishirini kwa miguu. Mwende alimpa mtoto jina la mama yangu, mama ambaye hakuwahi kumkaribisha ndani ya nyumba, na mimi nikamlipa vile.

Nimeomba msamaha. Sijui kama amenipa. Alisema chai isipoe.

Jumanne, 17 Februari

Shule ya serikali. Mwalimu mkuu ni mama mtulivu, miwani ya kamba. Nimemwekea vyeti viwili mezani nikasema ukweli wote. Nilidhani ataita polisi. Aliguna, akavua miwani, akasema mimi si wa kwanza.

Kisha akaeleza, na nikaelewa nusu. Nikamwuliza tena. Akaeleza tena. Ndivyo ilivyo: cheti cha Mdogo hakiwezi kutumika kwingine mpaka Mkubwa afutwe kwenye mtambo. Akifutwa, hawezi kurudishwa hapo hapo kwa cheti chake. Mtambo utamwona kama mtoto mpya wa miaka kumi na mitatu ambaye hajawahi kusoma darasa lolote. Ombi liende wilayani, liende juu, lirudi. Linaweza kuchukua wiki. Linaweza kuchukua muhula. Tarehe 27 haitangoja.

Nikasema, kwa hivyo wote wawili wana vyeti halali.

Akasema ndiyo.

Na mmoja tu anaweza kufanya mtihani.

Akasema mwaka huu, inaonekana hivyo.

Amenipa fomu ya kumfuta. Inahitaji sahihi ya mzazi au mlezi. Sikuwa na kalamu. Mimi, bila kalamu. Nimeibeba fomu nyumbani.

Jumatano, 18 Februari

Fomu iko chini ya godoro. Sijaigusa.

Jumatano, bado

Mkubwa ni wa tatu darasani. Mdogo, kwa Mwalimu Rhoda, huwezi kujua ni wa ngapi, wako thelathini na kitabu cha sayansi ni kimoja. Mkubwa akifanya mtihani atapita. Mkubwa ameshapoteza miaka miwili, nikimtoa itakuwa mitatu. Mdogo ni mwenye cheti. Mdogo ni wangu. Mkubwa ni wangu. Nikimwacha Mkubwa kwenye mtambo, namwibia Mdogo mara ya pili. Nikimtoa, kiapo changu kimekwenda wapi?

Nimeandika majina yote mawili kwenye karatasi nione kama mkono utajua. Yametoka yanafanana. Ni jina moja, yangekuwaje vingine.

Ijumaa, 20 Februari

Tumewaita wote wawili mezani. Wairimu alitaka niseme mimi. Nimesema. Mdogo alilia kwanza, na si kwa ajili ya shule. Alilia kwa sababu dada yake amekuwa akitumia siku yake ya kuzaliwa.

Mkubwa hakulia. Alisoma cheti chake mbele na nyuma, hata maandishi madogo ya chini.

"Kwa hivyo mimi niko na miaka ngapi?"

Kumi na mitatu, nikamwambia.

"Na mathe yuko Majengo. Hapo tu."

Hapo tu.

Akauliza fomu iko wapi. Nikasema ni kazi ya watu wazima, tutafikiria. Akasema tumefikiria miaka minane. Sauti yake haikuwa ya dharau. Ingekuwa ya dharau ningejua la kufanya, ningemkemea.

Mdogo akasema yeye anaweza kungoja, amezoea kuwa ghost. Mkubwa akamwambia anyamaze. Wakaanza kubishana nani asifanye mtihani. Nilitoka nje. Sikuweza kukaa.

Jumatatu, 23 Februari

Nimetia sahihi. Mwalimu mkuu aliniazima kalamu yake. Sahihi yangu huwa nzuri, leo imetoka kama ya mlevi.

Mkubwa alikuwa darasani ng'ambo ya uwanja. Madirisha yalikuwa wazi, nikasikia wanasoma kwa sauti pamoja. Yake sikuweza kuitofautisha.

Nimemfuta mtoto wa Njoroge. Haki ya Mdogo imerudi, na najisikia kama mwizi. Nilipokuwa mwizi kweli nilijisikia mtu mwema. Mtu anieleze hilo.

Mwende alikuja pia, alihitajika kutia sahihi kwenye ombi la kumwingiza upya. Tulikaa kwenye benchi moja. Alikuwa amevaa vizuri. Tulipomaliza aliomba aonyeshwe darasa la mwanawe kutoka mbali. Mwalimu mkuu akamwambia anaweza kuingia. Akasema hapana, leo kutoka mbali inatosha.

Alhamisi, 26 Februari

Mwalimu Rhoda amejaribu mara nne. Mtambo haupatikani. Nchi nzima imeushambulia. Nimeshinda naye kwenye ofisi yake ya bati, joto kali, simu yake imeelekezwa dirishani kutafuta mtandao. Sijaenda kazini. Mkurugenzi wa Buruburu amepiga simu kuuliza habari za pundamilia. Nimemwambia pundamilia angoje.

Ijumaa, 27 Februari

Saa tano na nusu asubuhi. Nambari ya cheti. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Nyambura Kamau. Gredi ya Sita. Imekubaliwa.

Mwalimu Rhoda alipiga makofi mara moja, kama anaua mbu. Mdogo aliitwa kutoka darasani akaonyeshwa jina lake. Akaligusa kwenye kioo. Alifurahi, kisha akaona uso wangu akaacha kufurahi. Kwa hilo nitajilaumu.

Nimepita shule ya serikali jioni. Ombi la Mkubwa halijajibiwa. Mwalimu mkuu amesema anaweza kuja darasani, hatamfukuza. Mtihani je? Akavua miwani akaifuta kwa leso, akaivaa. Nikaelewa.

Sijui nani wa kumkasirikia. Mtambo hauna uso. Mwalimu mkuu ni mtu mwema. Mwalimu Rhoda ni mtu mwema. Mwende ni mwema kuliko sisi sote. Nimepita wote, nikarudi kwangu mimi mwenyewe.

Jumapili, 1 Machi

Mkubwa ameshinda kwa mama yake. Amerudi na chapati sita zimefungwa kwa gazeti. Tumezila zote. Ni nzuri kuliko za Wairimu, na Wairimu ndiye aliyesema.

Jumatatu, 2 Machi

Nilidhani Mkubwa atabaki nyumbani leo. Nilipoamka alikuwa ameshavaa. Wakatoka pamoja yeye na Mdogo mpaka kona, mmoja akakata kulia, mwingine kushoto.

Mimi Buruburu. Pundamilia. Milia imetoka sawa.

Jioni nimemwuliza siku ilikuwaje. Akasema kawaida. Mwalimu ana orodha mpya, imetolewa moja kwa moja kwenye mtambo. Aliita majina. Moraa, yupo. Mutua, yupo. Kisha Odhiambo. Darasa zima likageuka kumwangalia, kwa sababu hapo katikati kila siku huwa ni Nyambura.

Odhiambo akaitika. Kisha Mkubwa akaitika pia. Hakuna aliyemwita. Alisema tu, nipo.

Nikamwuliza mwalimu alifanya nini. Akasema aliinua kichwa. Hakusema kitu. Hakuandika pia.

Akachukua sahani akaanza kuosha. Amesema kesho ataitika tena.